Ukurasa Uliofungia Mukene

Juzi sokoni Ggaba nilisimama nyuma ya mzee Kalasinga, mmoja wa wale Wahindi waliofukuzwa nchini, wakarudi baada ya vita. Mama wa Kikongo anayeuza samaki alimfungia mukene, hawa dagaa wetu, kwa ukurasa wa kitabu. Mzee akautazama, akaanza kuusoma, midomo ikicheza.

"Mama, hii Kipunjabi umetoa wapi?"

"Niliokota Makindye, mzee. Nachana kutoka nyuma. Mbele naogopa, labda ni maneno ya Mungu."

"Hapana Mungu hapa. Ni hadithi ya maskini. Mama anabeba matofali, mtoto mgongoni iko na homa. Nyapara anasema, maliza kazi kwanza."

Mama akaacha kupima. "Mtoto alipona?"

"Iko ukurasa inayofuata."

"Hiyo imeenda na samaki asubuhi."

Mama akajifuta mikono taratibu.

"Hakupona," akasema. "Mimi pia nilibeba matofali."

Sisi waandishi tunajisumbua sana na mwisho wa hadithi. Zamu yangu ilipofika, mukene wangu walitiwa kwenye mfuko wa plastiki. Kitabu, mama alikuwa amekifunika kwa kitenge.