Tuliacha vigae vyeupe tukarudi kwenye niru: baraza letu la Kibaha

Wakuu, habari za humu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Wazazi walipofariki nilikuwa kidato cha pili. Nikaacha shule, nikauza mkaa, baadaye nikafyatua matofali. Wadogo zangu watatu wakasoma. Nyumba ni ileile ya wazazi, huku Kibaha kwenye udongo mwekundu.

Mwaka juzi Zuhura, mdogo wetu wa mwisho, akachumbiwa. Wakwe wangekuja nyumbani baada ya masika, na baraza lilikuwa limepasuka lote.

Baba yao ndiye mimi. Aibu ingekuwa yangu.

Zuhura akataka vigae vyeupe vya kung'aa. "Kaka, niru ni mambo ya bibi!"

(Kwa msioijua: niru ni saruji tupu inayosuguliwa kwa mwiko juu ya sakafu mpaka inalainika. Ya mama, hapo barazani, ilitiwa rangi nyekundu.)

Nikaenda Kisarawe kwa fundi mmoja mtu mzima. Nikamwamkia, nikamwonyesha kigae.

Akacheka. "Umekipenda kwenye taa za dukani. Kwani mnaishi dukani? Kakiweke uani masika yote, mkikanyage na matope yenu, ndiyo uje."

Nikaweka kigae cheupe, kigae chenye uso wa kukwaruza kisichoteleza, pevingi chache (yale matofali ya zege ya kupanga chini) na kipande cha niru alichonisugulia fundi.

Masika yalipoisha, cheupe kilikuwa na mikwaruzo, wekundu umeingia humo hautoki. Cha kukwaruza kimeshika utando wa kijani. Pevingi zimeota majani katikati.

Niru niliipangusa kwa tambara tu, ikatakata. Zuhura mwenyewe akasema tumwite fundi.

Fundi alipomaliza kazi akaniambia, "Usitegemee ing'ae leo. Hii inang'arishwa na nyayo. Mko wangapi hapa?"

"Wanne," nikajibu, bila kufikiri. Wawili walishahamia Dar zamani.

Wakwe wakaja, mikeka ikatandikwa. Mzee wao akapapasa sakafu: "Baraza hili wajukuu watalikuta."

Zuhura akaolewa. Wote wanapiga simu, siwalaumu.

Mpaka leo baraza halina ufa. Ila limeng'aa sehemu moja tu, kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti changu. Kwingine limefifia vilevile kama siku fundi alipofunga mfuko wake.

Nilichojifunza: sampuli ikae nje msimu mzima kabla hujanunua. Na fundi akikuuliza mko wangapi, hesabu watakaobaki.

Wenye niru ya siku nyingi, ya kwenu ilichukua muda gani kung'aa yote? Na mlikuwa wangapi?