Karatasi Safi ya Kiminini

Nichekeni, nimestahili. Nakusanya karatasi za nyimbo, zile za kupigwa stensili kwa ajili ya harusi na mazishi, na chumba changu cha Kibomet, mtaa wa Kitale, kimejaa. Jumamosi nilisikia kuna mazishi Kiminini na kwaya imetungiwa wimbo mpya. Marehemu sikumjua. Nilifuata karatasi tu.

Nilifika nimechelewa. Nikamwambia mzee wa kanisa nimetoka Kitale, nikamwomba anipatie karatasi moja safi, isiyokunjwa. Kuona ninavyochagua, akadhani mimi ni mtu mkubwa, akanikalisha mbele. Mara nikamsikia kwenye kipaza sauti: "Sasa mgeni wetu wa kutoka Kitale atuambie vile alimjua marehemu."

Nikatupia karatasi jicho. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, palikuwa na jina: Josphat Wafula. Basi nikasimama, nikamsifu Josphat, rafiki yangu wa miaka mingi, nikamwombea alale pema. Hata machozi yalinitoka.

Mwanamume mmoja akainuka katikati ya kwaya.

"Asante, mgeni," akasema kwa upole. "Lakini Josphat ni mimi. Mimi nilitunga wimbo. Huyu tunazika ni shangazi yangu."