Siku Nilipowahi Kulipa Kodi Same

Mimi ni fundi cherehani, na ahadi za fundi cherehani mnazijua. Kama si mke wangu, hata kodi ningeiambia ije Jumatatu. Enzi hizo za Mwingereza, sisi tuliojiajiri tulikwenda wenyewe bomani Same kueleza kipato, ndipo tukatozwa. Asiyelipa alinadiwa mali yake. Mali yangu ilikuwa cherehani moja tu, ambayo mama mkwe alitununulia kwa kuuza ng'ombe wake.

Mwaka ule mke wangu alinifungia viazi vya njiani mapema, watu wengine hawajaanza hata kuizungumzia kodi. "Nenda sasa, karani bado ana masikio," akasema. Nikanung'unika, nikateremka mlima.

Kwetu Upareni, nikikushonea kanzu nawe huna fedha, utakuja kunilimia, mambo yameisha. Basi nami kwa kutaka kuwa mkweli nikamtajia karani kila kitu: fedha, maharage, kuku, na watu wote walionilimia msimu ule. Karani akaweka kalamu chini.

"Kumbe una vibarua," akasema.

Mwenye vibarua alitozwa kodi ya wenye nacho. Kiasi alichotaja kingeondoka na cherehani. Nilijieleza huku jasho likinitoka, naye akanisikiliza, kwa kuwa chumba kilikuwa kitupu. Akasema hajafunga hesabu, nimletee mmoja wa hao walimaji aseme mwenyewe.

Nikamwendea mzee jirani yangu, aliyelima kuliko wote. Akachukua fimbo yake, tukateremka pamoja. Alimwonyesha karani kanzu aliyovaa, akasema hiyo ndiyo mshahara wake wote. Maelezo hayo yalimchekesha karani, akawafuta vibarua wangu wote. Nikalipa kodi yangu ya kawaida.

"Na wewe, mzee," karani akamgeukia, "stakabadhi yako ya mwaka jana iko wapi?"

Mzee hakuwa nayo. Hakuwa amelipa, na tangu tulipotoka nyumbani alijua kwamba mtu kama yeye, asiye na mali ya kunadiwa, akiingia mlango ule aweza kupelekwa kuvunja mawe barabarani. Bado alikuja.

Nilikuwa na fedha ambazo mke wangu alizikopa kwa kaka zake, endapo karani angekataa kunielewa. Nikaziweka mezani, nikamlipia mzee. Nilimshukuru Mungu kwa jirani huyo na kwa mwanamke aliyenitoa nyumbani mapema, maana wiki chache baadaye foleni ya walipa kodi ilifika nje ya geti na karani hakumsikiliza mtu.

Tulipokuwa tunapanda mlima mzee akaniambia, "Jumamosi nitakuja kukulimia."

"Usithubutu, mzee wangu," nikamjibu. "Watakuandika tena kibarua."

Alicheka mpaka akasimama kushika kiuno. Jumamosi nilipoamka, alikuwa ameshafika katikati ya shamba.