Mama Friza na seli zilizogoma kushika

Saa moja na nusu asubuhi, mwanamke mwenye koti jeupe anafungua friji kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ameubana kwapani kuupasha joto. Anatoa chupa moja, anaiinua kwenye mwanga wa dirisha, kisha anaiinamisha taratibu upande huu na upande ule, kama anayemgeuza mtoto aliyelala.

Haitikisi. Seramu ikitikiswa hufanya povu, na ikifanya povu huharibika.

"Imeyeyuka yote," anasema. "Imelala humu frijini tangu jana asubuhi. Ukiwa na haraka ukaitumbukiza kwenye maji ya moto, umeiua."

Jengo zima linamwita Mama Friza. Jina alipewa na mfagiaji wa ghorofa, mwanamke wa maneno mengi ambaye naye anaitwa Redio, maana habari ikimfikia chini, juu wanaisikia kabla hajamaliza kupanda ngazi.

Seramu ni yale maji ya manjano yanayobaki damu ikishaganda na bonge likaondolewa. Hii ya hapa hutoka kwenye damu ya ndama, na ndiyo chakula cha seli zinazokuzwa katika maabara hii, zilizotolewa kwenye figo la mbuzi zamani sana. Mifugo ikianza kufa huko kwa wafugaji, sampuli huletwa hapa na kuwekwa juu ya seli hizo ili ugonjwa ujulikane. Bila seli hakuna jibu.

Na seli zimekufa karibu zote.

Mkuu wa maabara ameshatamka. Zisipofufuka kabla mwezi haujaisha, chumba kitageuzwa stoo, na mkataba wa Mama Friza, unaoongezwa mwaka kwa mwaka, hautaongezwa tena.

"Ningekuwa na wa kumlaumu ningelala," anasema. "Balaa hili nililiomba mwenyewe, kwa mdomo wangu."

Kwa miaka tisa alifanya kazi na friza kuukuu iliyokuwa ikijaa barafu kama pango. Seramu ikifika aliigawa kwenye vichupa vidogo, kila kimoja cha kutumia mara moja, kwa sababu ikiyeyushwa na kugandishwa tena hupungua nguvu. Hakujaza kichupa mpaka juu. Ikiganda hufura na kukipasua. Hayo yalikuwa mepesi. Kazi ilikuwa barafu.

Kila baada ya wiki chache aliikwangua kwa mwiko wa plastiki, mabega ndani, miguu nje. Vidole vya mkono wa kulia vikaanza kuwa vyeupe na kufa ganzi. Nyumbani kikombe kilimponyoka mara mbili mezani.

Nyumba yenyewe ni ya vyumba viwili, watu saba, na mlango usiofungwa kwa wageni. Mama mkwe ndiye msemaji wa familia.

"Huyu mkwe wangu ana watoto wengine huko kazini," anasema akicheka kwa mguno. "Hawana mdomo, hawana meno, na wanakula vizuri kutuzidi sisi."

"Mama, wameshakufa hao," anajibu Mama Friza kutoka jikoni.

Kicheko kinakatika. Mama mkwe anaangalia mikono yake mwenyewe. "Basi pole, mwanangu," anasema.

Mwaka jana Mama Friza alianza kudai friza mpya. Alimfuata mkuu ofisini, akamfuata kwenye ngazi, akamfuata hata foleni ya chai. Redio ndiye aliyemwonyesha picha kwenye simu: friza ndefu, nyeupe, inayojiyeyushia barafu yenyewe.

"Nikamwambia, shoga, hii ndiyo dawa ya vidole vyako," anakumbuka Redio. "Nilidhani namsaidia. Sasa nikipita mlangoni kwake napita upesi."

Friza ilipofika ilikuwa kama sherehe. Watu walipiga nayo picha. Mama Friza aliubusu mlango wake, na mtu akamwambia ajihadhari, mumewe ana wivu. Seramu yote ikahamishwa. Ile kuukuu ikachukuliwa na gari la vyuma chakavu.

Hakuna aliyejiuliza barafu inajiyeyushaje.

Friza za namna hiyo hupasha kuta zake joto kidogo, utando wa barafu unayeyuka, kisha hupoa tena. Hufanya hivyo tena na tena, kimyakimya. Nyama haijali. Seramu iliyokaa ukutani inalegea, inaganda, inalegea tena. Kila asubuhi Mama Friza alipotazama kipimajoto, kilikuwa pale pale panapotakiwa.

Miezi ikapita. Seramu ikaanza kutoka na ukungu wenye nyuzinyuzi. Ukungu kidogo ni kawaida, hivyo hakushtuka. Kisha seli zikaanza kuzubaa. Seli nzima hujishika kwenye sakafu ya chupa na kujipanga kama vigae. Hizi zikajikunja, zikaachia, zikaelea.

Wakabadilisha kila kitu: maji, chupa, hata dawa ya kupangusia meza. Siku fundi alipokuja kurekebisha taa, akaegemea friza na kusema, "Hii ndiyo ile inayojipasha yenyewe? Ninayo dukani, nahifadhia aiskrimu. Ya ukutani hulegea." Mama Friza akavuta kiti, akakaa.

Alikwenda mwenyewe kwa mkuu kabla Redio hajaifikisha habari.

"Sahihi ya kuinunua ni yangu," mkuu alimwambia.

"Mdomo ulioiomba ni wangu," akajibu.

"Tutasemaje sasa, dada?"

"Sema lolote, bosi. Seli hazisikii."

Hakuna mwenye uhakika kamili kuwa friza ndiyo iliyoziua. Mama Friza hana shaka. Tangu siku hiyo sampuli za wafugaji hupelekwa mbali, na majibu hurudi wakati wanyama wameshafukiwa. Mmoja wa wafugaji hao alipiga simu, akauliza tu, "Mama, bado mmefunga?"

Mbegu ya seli iliyohifadhiwa kwenye mtungi wa baridi kali ilikuwa imebaki moja. Maabara ya jirani imewapa seramu kidogo, lakini ni ya damu nyingine, na si rahisi kuzibadilishia seli chakula. Mbegu hiyo iliamshwa juzi. Chupa iliyoyeyuka asubuhi hii ni ya mlo wake wa pili.

Saa nne mkuu anainamia darubini. Mama Friza anasimama nyuma yake, mikono kwapani.

"Zipo zilizoshika," mkuu anasema.

"Nyingi?"

"Chache. Nyingi zinaelea." Anavua miwani na kuifuta. "Tuzilishe, tuziache mpaka Jumatatu. Zisipokuwa zimeongezeka, nitaandika barua ya kukifunga chumba."

Mama Friza anazimwagia chakula kipya kwa kukiteremshia ukutani mwa chupa, tone kwa tone, anairudisha chupa kwenye kabati la joto, anafunga, na kubaki amesimama mbele yake.

Anayo hamu ya kurudi Jumamosi achungulie, na Jumapili pia. Mlinzi angemfungulia. Lakini seli inayoanza kujishika, ukiinyanyua tu kuitazama, inaachia.

Kwa hiyo mpango wake wa siku mbili hizi ni kutofanya kitu. Atafua nguo za watu saba, atamsuka mama mkwe nywele kwa vidole ambavyo bado vinasikia, na hatakanyaga maabara.

"Zikishika, Jumatatu nina kazi," anasema, akivua koti. "Zisiposhika, nitakuwa nimeshaanza kuzoea kukaa nyumbani."