Chungu cha Kimpumu pale Chala

Miaka ile biashara ilipoachiwa huria, malori ya wanunuzi wa mahindi yalijaa Ufipa. Ukiwa na shanta mgongoni na moyo wa kukaa juu ya magunia, ulifika popote. Mimi nilitaka kufika Kipili. Meli ya kwenda Kigoma ilikuwa inapita jioni ile, na Kigoma dada yangu alikuwa anaolewa Jumamosi. Baba alishatutoka, kwa hiyo wa kumkabidhi nilikuwa mimi. Meli ile ikinipita, basi tena.

Nilidandia lori Sumbawanga alfajiri, nikamweleza dereva habari ya meli, nimejaa kiburi cha msafiri. Tulipofika Chala, dereva akazima gari mbele ya nyumba ya mama mmoja mpika pombe.

"Tuonje kidogo, mdogo wangu, halafu tunateremka ziwani."

Kidogo ya madereva naijua mimi.

Uani kulikuwa na chungu cha kimpumu, pombe ya ulezi, na wazee wamekizunguka na mirija yao. Nikawaamkia shikamoo, wakanisogezea kigoda na mrija. Dereva akavuta mafundo mawili matatu, akatoka. Nilipochungulia nje, nikamwona amejilaza kivulini chini ya lori, kofia usoni. Nikajisemea, haya, huyu kwisha habari yake, na chungu bado kimejaa. Watu hawa hawaondoki hapa mpaka kiishe. Ndipo nikapata akili yangu kubwa: nikimaliza mimi, safari inaanza.

Nikavuta. Jamani, nilivuta kama ng'ombe aliyefikishwa kisimani. Pombe ikishuka kidogo, mama anakuja na birika, anamimina maji ya moto, inapanda tena hadi ukingoni. Namkazia macho, yeye ananitabasamia tu.

"Kunywa mwanangu, bado ina nguvu."

Nikaona ananikomoa makusudi. Wazee wakaacha mirija mmoja mmoja, wakakaa pembeni kunitazama. Nikawadharau, wameshindwa na pombe yao wenyewe. Abiria wenzangu nao walikuwa wamekaa tu juu ya magunia. Wavivu, nikawaza, hakuna hata mmoja wa kuja kunisaidia kazi hii.

Jua lilishaanza kuinama na kichwa kinanizunguka nilipouachia mrija. Sijajifuta hata mdomo, dereva yuko kwenye usukani na injini inanguruma.

"Kaka, umelala mchana kutwa," nikamfokea, "na meli yangu je?"

"Mimi niliacha kunywa mapema kwa ajili ya hiyo meli yako," akajibu taratibu. "Lakini kwetu mgeni akiwa ameshika mrija hatumnyanyui. Tulikuwa tunakusubiri wewe."

Alilikimbiza lile lori mpaka nikaogopa tutapinduka. Tulipoanza kuteremka, ziwa likafunguka mbele yetu, na meli ilishang'oa nanga, imeshatupa mgongo. Nikakaa kwenye magunia nikalia kama mtoto. Dada yangu angekabidhiwa na mjomba ambaye hawapatani hata kwa salamu, na mimi ninanuka pombe huku Kipili.

Mzee mmoja wa pale chunguni, aliyepanda nasi Chala, akanishika bega.

"Pole sana, mwanangu," akasema. "Lakini yule mama umemfurahisha. Siku nyingi hajapata mgeni aliyekipenda chungu chake namna hiyo."