Sura ya Stelingi

Mkanda wetu wa video ulikuwa nakala ya nakala ya nakala. Mjomba aliuleta pamoja na deki kutoka Mombasa, kwa njia ya mpaka wa Horohoro, mwanzoni mwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, sabuni ikarudi madukani na sisi tukajiona tumeingia peponi. Chenga za picha zilianza kabla ya jina la filamu na hazikukoma hadi mwisho. Sauti ilikwenda na kurudi ilivyotaka. Kwenye mapigano rangi ziliharibika kabisa, stelingi, shujaa wa filamu, akawa kijani na adui zambarau, jambo lililotusaidia kuwatofautisha.

Tuliupenda kufa! Jumapili baada ya alasiri, umeme ukiwapo, sebule yetu pale Ngamiani ilijaa majirani hadi mlangoni. Stelingi alipoanguka kutoka ghorofani tulipiga kelele, "Stelingi hafi!" ingawa tulishamwona akianguka na kuinuka Jumapili zote zilizopita. Mimi nilikuwa mtu mzima mwenye cherehani na wateja wangu, na bado nilipiga kelele kuliko watoto.

Aliyempenda stelingi kutushinda sote alikuwa Bibi, mama yake mama. Hamu yake ilikuwa moja tu. "Mie nataka nimwone sura huyu mwanamume," alisema kila Jumapili. "Nikishamwona, basi." Na usoni ndipo chenga zilipojaa zaidi. Hata sisi wenye macho makali tuliona kivuli tu chenye mabega.

Babu akajitolea kumsimulia. Aliketi naye mkekani, mzee aliyezeekea kwenye mashine za mkonge, akimpasha habari kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. "Sasa kapanda gari. Sasa kamzaba mtu kofi."

"Na sura yake je?"

"Sura... ana masharubu mazuri. Na mwanya hapa mbele."

Tuligeuka sote kumtazama Babu. Mzee wa watu alikuwa akijieleza mwenyewe, alivyokuwa siku za kumposa Bibi!

"Kama nani?" Bibi akauliza.

"Kama mimi ujanani. Kanizidi urefu kidogo."

"Ndiyo maana nampenda," akasema Bibi, na mimi nikajitia ncha ya khanga mdomoni nisije nikaangua kicheko. Wiki nzima Babu alitembea kifua mbele. Tangu hapo masharubu ya stelingi yakawa mali ya ukoo.

Kisha mjomba akarudi na mkanda mpya wa filamu ile ile, safari hii kutoka Dubai, ungali na nailoni yake. Babu akaanza visingizio. Mara umeme haujatulia, mara deki imechoka, iachwe ipumzike. Hakuna aliyemsikiliza. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Babu ilikuwa imeishia hapo sebuleni.

Loo! Picha ilikuwa safi hadi tukaona vifungo vya shati. Stelingi akajitokeza: kidevu laini, sharubu hana hata moja, meno yamebanana hata uzi haupiti. Sebule nzima ikaiacha televisheni ikamgeukia Babu. Nilicheka hadi nikalala chini.

"Mwacheka nini?" Bibi akauliza. "Mwanangu kaibiwa huko Dubai. Chenga ni zile zile."

Kicheko kilinikauka. Nilimtazama machoni, nikaona weupe umetanda pale palipopaswa kuwa peusi. Miaka yote tulikuwa tukiulaumu mkanda. Niliingiwa na hofu, na nadhani wote waliingiwa.

Babu alikuwa ameokoka. Angeweza kubaki na masharubu yake kwenye filamu ile mpaka kiama. Lakini aliinuka, akatafuta kofia yake. "Kesho nampeleka hospitali."

"Baba," mjomba akamnong'oneza, "akipona atakukamata."

"Na anikamate."

Ilikuwa mtoto wa jicho, akapasuliwa. Jicho lilipopona, Bibi hakutaka kingine ila mkanda wa Dubai. Majirani walijaa. Babu alikaa karibu na mlango, kandambili mkononi, tayari kutimua mbio.

Stelingi akatokea. Bibi akainama mbele. "Rudisha nyuma," akaniamuru. Nikarudisha. Akamtazama tena, kisha akamgeukia mumewe.

"We mwanamume! Mwanya uko wapi? Masharubu yako wapi?"

"Labda kanyoa," Babu akajibu.

Sebule ikalipuka kwa vicheko. Bibi peke yake hakucheka. Alimwita Babu karibu, akamshika kidevu na kumgeuzia kwenye mwanga wa dirisha. Masharubu yalikuwa meupe, na meno yaliyokuwa yakiulinda mwanya yaling'oka zamani. Alimtazama kwa muda mrefu sana. Nyuma yake stelingi alianguka kutoka ghorofani na hakuna aliyepiga kelele.

"Zima," Bibi akaniambia. "Nimeshamwona."