Ndoo Tano za Roshani

Mama alikuwa ameniambia wazi kwamba mvua za kwanza zikinyesha atarudi Ihanda kulima. Daktari naye alikuwa ameniambia wazi kwamba moyo wake hauwezi tena jembe, na kwamba abaki kwangu Tunduma, karibu na matibabu. Kati ya kauli hizo mbili nilisimama mimi, mwalimu niliyekwisha kusoma mengi, nisijue la kufanya. Nikaamua kumletea shamba ghorofani.

Roshani yetu inatazama foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde. Nilipata ndoo tano zilizokuwa za rangi, nikazisugua, kisha nikasafiri hadi Ihanda kuchota udongo wa shamba letu lenyewe na kurudi nao kwa basi ndani ya viroba. Nikapanda mnafu na maboga ya mboga. Kitabu nilichokisoma kiliagiza ndoo zitobolewe chini. Sikuzitoboa. Nimelelewa katika nyumba ambayo ndoo ikivuja, mama aliyeyusha kipande cha plastiki motoni akaiziba, na mtoto aliyeitoboa alichapwa. Kutoboa chombo kizima kwa makusudi ni uharibifu, na uharibifu nimeukemea darasani maisha yangu yote.

Miche iliota vizuri, kisha ikaanza kugeuka manjano. Nikaongeza maji. Umanjano ukazidi, nami nikazidisha maji, asubuhi kabla ya shule na jioni nikirudi. Nilijiuliza kama ni masizi ya malori, au kama udongo nao huchukia kuhamishwa. Mama alikuwa akitazama mawingu, na begi lake lilikwisha kufungwa. Nilihitaji mkosaji, nikampata: jirani wa ghorofa ya juu, ambaye hufulia kwenye roshani yake. Nilipanda nikamhutubia kuhusu maji ya sabuni na ujirani mwema. Alifuta mikono, akaniamkia, akanisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, maji nayapandisha kwa ngazi, ndoo kichwani," alisema. "Niyamwage kwenye mboga zako kwa raha gani?"

Nilishuka bila kuomba radhi.

Mvua ya kwanza ilinyesha Ijumaa. Jumamosi asubuhi mama alikuwa amevaa kitenge cha safari, begi likiwa mlangoni. Nilihisi kama ameshaondoka kabla hajatoka nyumbani. Akaenda kuitazama ile miche kwa mara ya mwisho, akaingiza kidole kwenye udongo, akakinusa.

"Unamwagia mara ngapi?"

Nikamwambia mara mbili kwa siku. Akakiri kwamba naye alikuwa akimwagia kila adhuhuri nikiwa shuleni.

"Nilidhani unainyima maji," alisema. Akainamisha ndoo moja, akapapasa chini yake. "Maji yanatokea wapi?"

"Hayatokei, mama."

Aliwasha jiko la mkaa, akatia msumari motoni, akaushika kwa koleo na kutoboa ndoo moja baada ya nyingine, kwa mkono uleule uliokuwa ukiziba. Maji meusi yenye harufu ya tope yalitiririka sakafuni. Nilimkumbusha fimbo za utotoni.

"Zile tulibebea maji," alisema bila kuinua macho. "Hizi unabebea nini?"

Alipomaliza alivua kitenge cha safari. Wiki hiyo haendi, alisema, kwa sababu akiondoka nitaziua mboga zote. Hadi leo hajaenda. Shamba la Ihanda analilima shemeji yangu, na mama hulalamika kila anapopata habari zake.

Fungu la kwanza la mnafu nililipeleka ghorofa ya juu, nikaomba radhi hapo mlangoni. Hilo nalielewa. Nisilolielewa ni hili jingine. Nilitaka kumzuia mama kwa ustadi, na kilichomzuia ni ujinga wangu. Sasa ustadi ninao, nami nimefundisha miaka yote kwamba hakuna uongo mdogo. Leo asubuhi nilimuuliza kama nimwagie maji.

"Weka kidole kwanza," alisema.

Niliweka. Udongo ulikuwa umelowa. Nikamwambia sijui, aje atazame mwenyewe.